Jenereta ya boti imegoma: itengenezwe, ibadilishwe, au iondolewe kabisa?

Jenereta ya dizeli ya boti ni mashine mbili zilizofungwa pamoja: injini ndogo inayopozwa kwa maji ya bahari, na kichwa cha umeme kinachozungushwa na injini hiyo. Ikigoma, mwenye boti huambiwa neno moja tu, "imekufa", na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Kuna jenereta zinazotupwa kwa sababu ya swichi ya presha ya oili yenye ukubwa wa kidole gumba. Kuna nyingine zinatengenezwa mara tatu ilhali sampu (bakuli la oili chini ya injini) imeshaliwa na kutu na oili inatoka kidogo kidogo kwenda kwenye ngama, yaani sakafu ya ndani ya boti maji yanapokusanyika.

Kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote, jua ugonjwa uko wapi: nje ya injini (mafuta, maji, nyaya), ndani ya injini (ringi, silinda, krenki), au kwenye koili za umeme. Ugonjwa wa nje mara nyingi unatibika na unastahili kutibiwa. Wa ndani unataka hesabu. Wa koili unategemea kama zimelowa tu au zimeungua.

Saa za kazi peke yake zisikutishe. Jenereta ya mizunguko 1,500 kwa dakika ikitunzwa hupita saa 5,000 ikiwa bado nzima. Iliyofanya saa 400 tu yaweza kuwa imeoza kwa kukaa miezi kadhaa na maji ya chumvi tumboni.

Stata haizungushi

Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.6 au zaidi. Mwenzako apige stata huku umeshika mita kwenye vichwa vya betri. Volti zikiporomoka chini ya 10, anza na betri yenyewe. Zikibaki juu ya 11 na stata iko kimya, umeme unakwama njiani. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye bolti ya stata, kisha stata ipigwe tena. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya, klempu au swichi kuu imeoza. Rudia upande wa hasi, kati ya betri na mwili wa injini. Upande huu husahauliwa sana, nao ndio unaowahi kuoza, kwa sababu waya wa ethi hufungwa chini, karibu na maji ya ngama.

Stata ikigonga mara moja "ko!" kisha ikanyamaza, na betri ni nzima, acha kubonyeza. Vua waya wa stata, weka spana kwenye nati ya puli ya krenki, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikizunguka yote, tafuta kwenye stata. Ikigota mahali palepale kama imefika ukutani, huenda kuna maji ndani ya silinda. Maji hayabanwi. Ukilazimisha, koni-rodi inapinda, na injini ambayo ingepona kwa kubadilishiwa oili inakuwa ya kutupa kwa sekunde moja. Toa nozeli au plagi za kupasha kwanza, ndipo uzungushe na kuacha maji yaruke nje.

Maji yakikutwa ndani, saa zinahesabika. Siku hiyohiyo toa maji yote kwenye silinda, mimina oili kidogo kila tundu, mwaga oili ya sampu (ikiwa na maji huwa kama chai ya maziwa), jaza mpya, washa dakika chache, mwaga tena. Rudia hadi oili itoke safi, mara tatu au nne ikibidi, kisha ifanyishe kazi yenye mzigo hadi ipate joto kamili. Ukiiacha wiki moja, ringi zinashikana na kuta za silinda, na hiyo si kazi ndogo tena. Halafu tafuta maji yalikopita, la sivyo yatarudi.

Stata inazungusha, injini haiwaki

Njia ya kwanza ya maji kuingia kwenye silinda ni hii hapa. Kila unapopiga stata, pampu ya maji ya bahari inasukuma maji kwenye ekzosi. Injini ikiwa hai, moshi huyatoa nje. Isipowaka, maji yanajaa kwenye mafla, yanapanda mpira wa ekzosi, na mwisho yanarudi kwenye valvu. Kwa hiyo piga stata sekunde 10, ipumzishe, na ukishafikisha sekunde 30 kwa jumla funga koki ya maji ya bahari na umwage mafla kwa plagi yake ya chini. Ukiendelea kujaribu na koki imefungwa, mtu akae ameshika koki hiyo: injini ikishika tu, koki ifunguliwe hapohapo, maana impela, gurudumu la mpira lenye mapezi ndani ya pampu, haivumilii kuzunguka kavu.

Sasa tazama tundu la ekzosi wakati stata inazunguka. Hakuna moshi hata kidogo: mafuta hayafiki. Moshi mweupe unatoka: mafuta yanafika ila hayawaki, yaani plagi za kupasha hazifanyi kazi au mgandamizo umeshuka. Plagi nzima ya kupasha ina ukinzani mdogo sana, kwa kawaida chini ya omu 2. Iliyokatika haisomi chochote. Hakikisha pia umeme unafika kwenye plagi zenyewe, kwa sababu relei yake hukaa mahali penye unyevu na miguu yake huota kutu ya kijani.

Kama mafuta hayafiki, anza na solenoidi ya kuzima (swichi ya sumaku inayofungua na kukata mafuta): ukiwasha swichi unatakiwa kuisikia ikibofya. Kisha sikiliza pampu ndogo ya umeme ya mafuta ikidunda. Kisha tazama kiwango cha tangi, na hapa kuna jambo linalopotezea watu siku nzima. Katika boti nyingi mrija wa jenereta ndani ya tangi umefungwa mfupi kuliko wa injini kuu, kwa makusudi, ili jenereta isimalize mafuta ya kurudi nyumbani. Tangi linaweza kuwa na robo nzima na jenereta ikavuta hewa. Watu wameshabadilisha pampu ya nozeli kwa sababu ya mrija huo.

Jaribio la kumaliza ubishi ni dumu la lita 20 lenye dizeli safi. Liweke karibu na jenereta, usawa wa pampu au juu kidogo, ingiza mpira wa kuvuta ndani yake, na mpira wa kurudisha pia uingie humohumo. Toa hewa kwa kulegeza skrubu ya juu ya filta hadi mafuta yatoke bila mapovu, kaza, halafu legeza nati za mirija ya nozeli moja baada ya nyingine huku stata ikizunguka. Vaa miwani na usiweke mkono mbele ya nati hizo. Mafuta ya nozeli yana presha ya kupenya ngozi. Injini ikiwaka na kutulia kwa dumu, mgonjwa ni tangi, mirija au filta, na jenereta haina kosa.

Inawaka kisha inazima

Dalili hii ndiyo inayoua jenereta nyingi zilizo nzima, kwa sababu mtu hukata tamaa. Tumia saa. Muda inaodumu kabla ya kuzima unakuambia karibu kila kitu.

Ikizima unapoachia tu kitufe, au sekunde chache baadaye, walinzi ndio wanaoizima. Wakati kitufe kimebonyezwa swichi za usalama hurukwa. Ukiachia, zinashika zamu. Zipo tatu kwa kawaida: presha ya oili, joto la kulanti (maji ya kupozea yaliyo ndani ya injini), joto la ekzosi. Pima kiwango cha oili kwanza. Kama kiko sawa, fungua swichi ya presha na ufunge geji ya mkono mahali pake. Injini ikiwa na joto la kazi, kwa mizunguko yake kamili, geji isome bari 2 hadi 4. Presha ikiwa nzuri, badilisha swichi, kazi imeisha. Ikiwa chini ya bari 1, usiiwashe tena hadi ujue sababu: nusa oili kwanza, maana dizeli iliyovuja ndani huifanya nyepesi kama maji, na hilo ni tatizo la pampu ya mafuta au nozeli. Oili ikiwa safi na presha bado haipo, beringi za krenki au pampu ya oili zimekwisha, na hapo umeshaingia upande wa ugonjwa wa ndani.

Kuunganisha waya za swichi ili jenereta iendelee ni ruhusa kwa jaribio la sekunde chache tu, geji ikiwa imefungwa na mkono wako uko kwenye kizimio. Ukiondoka na waya zimeunganishwa, umeiacha injini bila mlinzi hata mmoja.

Ikizima baada ya dakika 3 hadi 15, tafuta kwenye maji. Sehemu ya "Joto kupita kiasi" hapa chini ni yako.

Ikizima baada ya nusu saa au zaidi, au inapopewa mzigo mkubwa, mara nyingi ni mafuta: filta imeziba, kamasi nyeusi ya vijidudu imejaa mdomoni mwa mrija wa tangi, au tundu la kupumulia la tangi limezibwa na chumvi au wadudu. Fungua kifuniko cha tangi wakati inafifia. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na injini ikapata nguvu, umepata jibu bila kufungua bolti moja. Mizunguko ikipanda na kushuka kama mtu anayehema, kuna hewa inaingia upande wa kuvuta. Kagua mpira wa filta na klipu zote kabla ya kugusa gavana, yaani kidhibiti cha mizunguko ya injini.

Joto kupita kiasi

Fuata maji kutoka baharini hadi yanapotoka, wala usiruke hatua. Kwanza koki na chujio: fungua kifuniko cha chujio, fungua koki kidogo, maji yaruke kwa nguvu. Yakilegea, tundu la chini ya boti limeota kome au limefunikwa na mfuko wa plastiki. Kisha impela. Itoe na uhesabu mapezi. Kama yapo sita na yanatakiwa kumi, manne hayajapotea: yamelala kwenye mdomo wa kipoza joto, na usipoyatoa, impela mpya haitakusaidia chochote. Toa kifuniko cha kipoza upande wa kuingilia, yachokoe moja moja hadi hesabu itimie. Hapohapo tazama fimbo ya zinki. Ikibaki nusu, weka mpya. Mirija ikiwa na ukoko mweupe wa chokaa, iloweke kwenye siki au asidi ya limau usiku mmoja na usuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Kiwiko cha ekzosi ndicho kinachosahauliwa. Ni pale maji ya bahari yanapokutana na moshi wa moto. Masizi na chumvi hujijenga ndani hadi tundu la sentimita nne linabaki la kupitisha kidole. Kuanzia hapo injini inakosa pumzi, moshi unakuwa mweusi, joto linapanda, na kila mtu anailaumu pampu. Kifungue na uchungulie kwa tochi kila msimu. Kikianza kutoa machozi ya kutu kwenye gasketi au kwenye kiungio, kibadilishe, usikichomelee: kikitoboka kwa ndani, maji yanashuka moja kwa moja kwenye valvu injini ikiwa imezimwa.

Jipimie mtiririko. Weka ndoo ya lita 10 kwenye tundu la ekzosi, hesabu sekunde hadi ijae, andika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kasha la jenereta. Siku ya shida utakuwa na kipimo cha kulinganisha. Mpira wa ekzosi baada ya kiwiko unapaswa kugusika kwa mkono. Usipogusika, maji hayatoshi hata kama joto la kulanti halijapanda bado.

Halafu inama utazame chini ya pampu ya maji ya bahari. Kati ya sili ya maji na sili ya oili kuna kitundu kidogo. Mstari mweupe wa chumvi ukianzia kwenye kitundu hicho, sili ya maji imekwisha, na kila tone linarushwa na puli hadi kwenye kichwa cha umeme. Sili ile ni ndogo kuliko sarafu, lakini ndiyo huua koili, beringi ya nyuma na sampu kwa mara moja. Ukiona mstari huo, usisubiri safari ijayo.

Moshi, na ugonjwa wa kukosa kazi

Mweusi: hewa haitoshi, kiwiko kimeziba, au mzigo umezidi. Mweupe usioisha injini ikishapata joto: nozeli mbovu au mgandamizo mdogo, ukiambatana na kulanti kupungua, gasketi ya silinda hedi. Wa bluu: oili inaungua.

Lakini kuna moshi wenye sababu isiyo ndani ya mashine. Chukua jenereta ya kilowati 8 inayofanyishwa kazi kila jioni kwa ajili ya friji na chaja, jumla wati 700. Hiyo ni chini ya asilimia 10 ya uwezo wake. Dizeli inayobeba chini ya asilimia 30 kwa muda mrefu haipati joto la kuunguza mafuta yote. Mafuta mabichi na masizi yanajaa kwenye ekzosi, juu ya maji nyuma ya boti unaona utando wa mafuta unaong'aa, na kuta za silinda zinakuwa laini kama kioo, ringi zisishike tena. Ikiwahi, tiba ni kazi: iongezee mzigo hatua kwa hatua hadi asilimia 75, iache saa mbili au tatu, kisha safisha kiwiko. Ikichelewa, silinda zinatakiwa kusuguliwa upya na ringi kubadilishwa. Na ukishalipia hayo yote ukarudi kwenye friji na chaja, ugonjwa utarudi vilevile. Jenereta ya namna hii inakuambia ni kubwa mno kwa boti hiyo, au haihitajiki.

Injini inanguruma vizuri, umeme haupo

Anza na kikata umeme cha jenereta yenyewe, kisha swichi ya kuchagua kati ya jenereta na umeme wa gatini. Pima moja kwa moja kwenye vichwa vya kutokea umeme, nyaya za boti zikiwa zimetolewa. Hapa pana volti za kuua; simama pakavu na mtu wa pili awepo.

Ukisoma volti chache tu badala ya 230, koili zinazunguka ila hazisisimuliwi. Usumaku wa asili unaweza kuwa umepotea baada ya kukaa muda mrefu. Katika jenereta zenye AVR (kidhibiti cha volti), tenganisha AVR na uguse nyaya za kusisimua kwa betri ya volti 12, chanya kwa chanya, sekunde moja au mbili, kwa kufuata kitabu cha mashine. Katika zile za kapasita, badilisha kapasita kwanza, lakini imwage umeme wake kabla ya kuigusa. Dayodi zinazozunguka na brashi za kaboni, kama zipo, hufuata. Vitu hivi vyote ni vidogo na havitoshi kuhukumu jenereta.

Volti zipo ila taa zinafifia ukiongeza mzigo: tazama hezi. Jenereta ya hezi 50 yenye gavana wa kawaida hupangwa karibu 52 ikiwa haina mzigo, ili ikibebeshwa kikamilifu isishuke sana chini ya 50. Hezi zikianguka, injini ndiyo dhaifu: mafuta au hewa. Hezi zikisimama imara na volti zikaanguka, AVR, kapasita au dayodi.

Koili zenyewe hupimwa kwa mega (kipimo cha uvujaji wa umeme) ya volti 500, AVR na dayodi zikiwa zimetengwa, kati ya koili na mwili. Chini ya megaomu 1 usiitumie. Lakini usisaini hukumu siku hiyo. Kama zimelowa maji ya chumvi, zioshe kwa maji yasiyo na chumvi, zikaushe kwa hewa ya nyuzi 60 hadi 80 kwa siku moja au mbili, upime tena. Nyingi hupanda. Ukiona rangi ya koili imekuwa nyeusi na harufu ya vanishi iliyoungua, kukausha hakutasaidia. Ni kusuka upya au kununua kichwa kingine.

Vipimo kabla ya kuamua

Fanya vinne, vyote siku moja ikiwezekana. Mgandamizo wa kila silinda, injini ikiwa ya moto: kiwango cha chini kiko kwenye kitabu cha injini, na silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi. Silinda moja ikiwa chini peke yake, mara nyingi ni valvu au gasketi. Zote zikishuka pamoja, ringi zimechoka. Presha ya oili ikiwa ya moto. Mega kwenye koili. Na cha nne, bisibisi: gonga sampu chini, miguu ya fremu, na kasha la kipoza joto. Bisibisi ikizama kwenye sampu au kutu ikaanguka vipande vikubwa, jenereta itabidi inyanyuliwe hata kama kila kitu kingine ni kizima, na gharama ya kunyanyua ndiyo inayogeuza hesabu.

Mgandamizo, oili na koili vikifaulu, tengeneza, hata kama mashine ina miaka 25. Hata bodi ya vidhibiti isiyopatikana tena isikushinde: injini ya dizeli isiyo na kompyuta inahitaji stata, plagi za kupasha, solenoidi ya kuzima na swichi tatu za ulinzi. Fundi umeme mzuri huzifunga upya kwa relei za kawaida au paneli ya jumla, na jenereta ikaishi miaka mingine.

Vikifeli viwili, au kimoja kikifeli na vipuri vya chuma (kasha la kipoza, manifoldi, silinda hedi) vikawa havitengenezwi tena, usiendelee. Gharama ya kutengeneza pia isipite nusu ya gharama ya mpya iliyokwisha kufungwa. Na neno "iliyokwisha kufungwa" ni zito: jenereta mpya inaweza isipite mlangoni, fremu yake haitalingana na bolti za zamani, ekzosi itataka mpira wa kipimo kingine. Omba bei ya kazi nzima, na pima kwa futi njia yote kutoka sitaha hadi chumba cha injini kabla ya kulipa.

Ukinunua, chagua kwa mzigo wa kila siku: uwe asilimia 50 hadi 75 ya uwezo wa jenereta. Mota za kiyoyozi na kompresa huvuta mara 3 hadi 6 zaidi zinapoanza. Ukizifungia kiwashi laini (kifaa cha kuziwasha polepole), unaweza kushuka saizi moja nzima. Kiwiko kikikaa chini ya sentimita 15 juu ya mstari wa maji, lazima kuwe na kitanzi chenye valvu ya kuvunja mvuto wa maji, kimepandishwa vya kutosha juu ya mstari huo, la sivyo bahari itajimimina yenyewe ndani ya injini usiku. Na kifuniko chenye mdomo kwenye tundu la kuvutia maji kisitazame omo (mbele ya boti): boti ikienda kasi, maji yanasukumwa kupita impela na kujaza ekzosi ya jenereta iliyozimwa.

Je, boti inaihitaji?

Swali hili liulizwe kabla ya kulipa fundi, si baada. Andika kila kinachotumia umeme, wati zake na saa zake kwa siku, uzidishe. Friji, taa, redio, pampu na chaja za simu mara nyingi hazifiki kilowati-saa 2 kwa siku. Paneli za sola za wati 400, zikipata saa 4 hadi 5 za jua kali, zinaleta karibu kilowati-saa 1.2 hadi 1.5. Betri ya lithiamu ya volti 12 na amp-saa 200 ina kilowati-saa 2.5 hivi, na asilimia 80 yake inatumika bila kuidhuru. Betri ya kawaida, ya risasi na asidi, ya ukubwa huohuo usiivute zaidi ya nusu. Ukiongeza alteneta nzuri kwenye injini kuu, boti ya namna hii haina kazi na jenereta.

Kinachogawa boti ni kiyoyozi usiku mkiwa mmetia nanga. Kiyoyozi kimoja kinachovuta kilowati 1.2 kwa saa 8, hata kikipumzika nusu ya muda, kinakula karibu kilowati-saa 5, na kesho yake lazima zirudishwe. Sitaha ndogo haina nafasi ya paneli za kufanya hivyo. Kama watu wanalala na kiyoyozi mbali na gati, au mtambo mkubwa wa kuchuja maji ya bahari unafanya kazi kila siku, bakiza jenereta. Jiko la umeme peke yake si sababu. Linakula wati nyingi kwa muda mfupi, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230) inalimudu. Ila inveta ya wati 3,000 kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 280: waya mnene na mfupi, fyuzi karibu kabisa na betri. Na lithiamu usiiunganishe moja kwa moja na alteneta ya kawaida, maana inavuta kwa nguvu zote bila kupumzika hadi alteneta inaungua. Weka kidhibiti chenye kipima joto au chaja ya betri kwa betri.

Jaribio lisilo na gharama: zima jenereta kwa siku saba mkiishi kama kawaida, andika asilimia ya betri kila asubuhi na kila machweo. Daftari hilo litakuambia unakosa nini hasa.

Jenereta ndogo ya petroli ya kubeba mkononi inavutia, lakini haifai kuwa mbadala wa kudumu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala kwenye ngama ukisubiri cheche, na moshi wake una kaboni monoksaidi isiyo na harufu inayoingia kabini upepo ukigeuka. Watu hulala na hawaamki. Hata kwa ya dizeli, king'ora cha gesi hiyo kiwe kila chumba cha kulala, na ukiona masizi kwenye kiungio chochote cha ekzosi, zima.

Ukiamua kuiondoa, iondoe kweli. Jenereta iliyokufa ikibaki imefungwa ni uzito bure, na matundu yake mawili kwenye mwili wa boti yanaendelea kuzeeka bila mtu kuyaangalia. Koki ya maji izibwe kwa kifuniko cha shaba sasa, na tundu lenyewe lifungwe kabisa boti ikipandishwa nchi kavu. Tundu la ekzosi lizibwe kutoka nje. Nyaya zake zitolewe hadi kwenye swichi ya kuchagua, ili siku moja mtu asizikute zina umeme wa inveta upande wa pili. Mrija wa mafuta ufungwe kwenye tangi, si katikati ya njia. Kisha tazama boti ikiwa majini imetulia: mashine ya kilo 150 ikitoka upande mmoja, boti inalala upande wa pili, na pale ilipokuwa ndipo mahali pazuri pa kuweka betri mpya.

Ukiibakiza, iwashe kila mwezi angalau nusu saa ikiwa na mzigo halisi, na kabla ya kuifunga kwa msimu ivutishe maji yasiyo na chumvi kutoka kwenye ndoo kupitia chujio. Impela itoe uiweke pamoja na ufunguo wa swichi, ili atakayekuja kuiwasha akumbuke kuirudisha.